Pesa ya upatu imeingia: ninunue eafoni za laki na ishirini, au nibaki na za elfu tano?

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Machomane, Chake Chake. Kazi yangu ni ushoni. Nashona nyumbani, chumba cha mbele: sare za skuli, madera, na kanzu sikukuu ikikaribia. Jambo langu huenda wengine wakaliona dogo, lakini ndani ya nyumba yangu limekuwa maneno. Tumefika mahali likitajwa tu, mimi na mwenzangu kila mmoja anatazama upande wake.

Mwaka jana kichwa kiliniuma bila ya kupoa, nikaenda hospitali, nikapimwa, presha iko juu. Daktari akaniambia nipunguze chumvi na nitembee, maana kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Nikaanza. Nikishasali alfajiri na kuwaandalia watoto chai, natoka nyumbani mpaka Gombani, kisha narudi. Jumapili naongozana na wenzangu wa kikundi cha mazoezi, lakini siku za kazi niko peke yangu. Hapo ndipo eafoni zilipoingia, kwa sababu nisipokuwa na kitu cha kusikiliza mguu ni mzito, nafika nusu ya njia narudi. Nikiwa na kisomo cha Qur'ani au taarabu masikioni, nafika bila ya kujua nimefikaje.

Nikirudi, eafoni zile zile nakaa nazo kwenye cherehani mpaka adhuhuri, na baada ya chakula mpaka magharibi ikaribie. Redio zaidi, na mawaidha, na ligi ikiwepo nasikiliza mpira. Chumba cha pili watoto wanadurusu, mama mkwe wangu anapumzika, kwa hiyo kufungulia redio kwa sauti siwezi.

Nanunua za shilingi elfu tano hapa hapa mjini. Hazifiki mbali, mwezi, ikizidi sana miwili. Upande mmoja unanyamaza, mara nyingi wa kulia. Nikiuchezesha waya karibu na pini sauti inarudi, nikiuachia inaondoka. Moja iliingia jasho ikabaki inakwaruza. Nyengine waya ulinaswa na gurudumu la cherehani ukakatika papo hapo nikiwa nashona. Zote nimeziweka kwenye droo ya cherehani. Kuzitupa roho inaniuma.

Sasa mwezi huu zamu yangu ya upatu imefika, laki sita. Mwenyewe moyoni nimeshazigawa: laki tatu mabati ya jiko, maana linavuja, laki moja na nusu sare na madaftari ya watoto, na inayobaki ndiyo yangu. Mdogo wangu yuko Unguja, nikamtuma akaniulizie Darajani. Akaniambia zipo zisizo na waya, za kutia ndani ya sikio, zina kijisanduku chao cha kuchajia, laki na ishirini. Muuzaji anasema haziingii maji na gerenti yake mwaka mzima. Zipo na nyengine wanaziita za mfupa, zinakaa mbele ya sikio wala hazilizibi, elfu themanini. Yeye anazisifu hizo kwa kuwa naweza kuvaa hijabu juu yake. Wiki ijayo kuna mtu wetu anakuja na boti ya Mkoani, naye amekubali kunichukulia.

Nilipomwambia mume wangu alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Pesa ni yako, umeitolea jasho. Lakini laki na ishirini ya kutia masikioni, na jiko linavuja?" Nilinyamaza. Akaongeza kwamba kwake yeye hata zingekuwa za bure asingezitaka, kwa sababu ile saa ninayotoka bado kiza, bodaboda zinakwenda mbio, na mimi nimeziba masikio. "Siku moja nitaletewa habari." Mama mkwe, ambaye nampenda na yeye ananipenda, analalamika kwamba ananiita mara tatu simsikii. Wifi yangu kasema najitia ujana.

Shangazi, mimi si mfujaji. Sijanunua hata pete mwaka huu. Lakini pia sitaki ionekane nimeyaweka masikio yangu mbele ya jiko la nyumba. Na nisipokuwa na kitu cha kusikiliza najijua, mazoezi yatakufa na presha itapanda. Nizinunue hizo za laki na ishirini mara moja nipumzike? Nichukue za mfupa? Au nibaki na za elfu tano, zikifa ninunue nyengine? Na mume wangu nizungumze naye vipi?

Mama wa Machomane, Pemba

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaykumu salaam mwanangu, na marahaba. Pole na presha, na hongera kwa kuinuka alfajiri na kutembea mpaka Gombani. Wengi huambiwa na daktari watembee, wakaitikia, wakarudi kukaa. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukitoka siku tano kwa nusu saa, umezipata. Kwa hiyo kinachokutoa nyumbani kila siku si kitu cha kuchezea, na wifi yako naona hajaelewa eafoni hizo zinafanya kazi gani.

Nilivyokusoma, una maswali mawili umeyafunga kitambaa kimoja. Moja ni la kitu: kipi kitadumu kwa pesa uliyonayo. Jengine ni la nyumba: mume, mama mkwe, na jinsi wewe mwenyewe unavyojiona unapojinunulia kitu. Nianze na la kitu, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo si mdogo wako wala muuzaji wa Darajani amekwambia.

Eafoni zako zina kazi mbili, na kazi hizo zinapingana. Njiani unahitaji sikio lililo wazi, lisikie bodaboda ikiwa bado mbali. Kwenye cherehani unahitaji sikio lililozibwa kidogo, ili mlio wa mashine na kelele za nje zisikulazimishe kupandisha sauti. Kitu kinachokufaa chumbani kwako ndicho kinachokuhatarisha barabarani, na kinyume chake. Wewe ni fundi, sindano ya jinzi huwezi kushonea shifoni. Unaposema "nizinunue mara moja nipumzike", umekwisha kukubali kwamba ni lazima iwe moja ifanye yote. Nakuomba hilo uliangalie tena kabla ya bei.

Hebu tuhesabu saa zako. Kuanzia asubuhi mpaka karibu ya magharibi, ukitoa chakula na sala, hazipungui saba au nane. Kwa siku sita inapita saa 40. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, basi. Na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 90 ni saa 4 tu za wiki nzima. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa. Simu nyingi hazikuandikii desibeli, lakini ipo njia ya kujipima: usivuke sehemu sita katika kumi za sauti ya simu, na mtu aliyekaa hatua moja mbele yako akizungumza kawaida, umsikie. Mama mkwe anakuita mara tatu humsikii. Mimi sikulichukulia hilo kuwa lawama. Nimelichukua kuwa kipimo, na kinasema sauti yako iko juu.

Kwa nini iko juu? Za elfu tano nyingi ni zile ngumu za plastiki, hazikai vizuri sikioni, zinavujisha. Cherehani inapiga, wewe unapandisha. Zenye mipira laini inayolingana na sikio lako huzuia kelele, na ukizivaa unaweza kushusha sauti ukasikia vizuri zaidi. Kwenye boksi huwa kuna mipira ya saizi tatu, midogo, ya kati na mikubwa, na watu wengi huvaa ile iliyokuja imeshatiwa, wengine wasiiguse. Ijaribu yote. Sikio la kulia na la kushoto huenda yakataka saizi mbalimbali.

Sasa njoo kwenye waya. Umeandika kwamba unaonyamaza mara nyingi ni wa kulia. Gurudumu la cherehani liko upande gani? Liko kulia, mkono wako wa kulia unapita hapo kutwa, na waya unaoning'inia mbele ya kifua uko kati ya mkono na gurudumu. Mmoja ulinaswa ukakatika, hiyo uliiona. Lakini mingine huenda inavutwa kidogo kidogo kila siku mpaka ikakatikia ndani, ambako hakuonekani. Jaribu kuupitisha waya mgongoni, chini ya dera, utokee kiunoni upande wa kushoto, simu uiweke huko huko. Na ukimaliza kazi usiuzungushe kwa kuukaza kwenye simu. Uzungushe vidole viwili, ulegee, uweke. Mahali waya unapoingia kwenye pini ndipo unapovunjika zaidi, na wenye pini ya kona, iliyopinda kama herufi L, huvumilia kuliko wa pini iliyonyooka.

Halafu iangalie ile droo. Eafoni inayorudisha sauti ukichezesha waya karibu na pini haijafa. Spika zake nzima, kilichokatika ni uzi mmoja ndani ya waya. Fundi wa simu anaweza kukata kipande kibovu na kulehemu pini mpya. Ziko nyaya za ndani nyembamba zilizopakwa vanishi, na asipoichoma vanishi ile kwanza risasi haishiki, ndiyo maana wengine hutengenezewa leo zikanyamaza kesho. Mchukulie fundi moja, umwambie unalijua hilo, uone. Ile iliyoingia jasho iwache.

Upo pia mtindo wa waya unaochomoka kwenye eafoni yenyewe. Waya ukifa unanunua waya peke yake, spika zinabaki. Za namna hiyo si lazima ziwe za bei kubwa, na kwa mtu anayekaa nazo saa nane zina maana. Ubaya wake ni kwamba waya wa kubadilisha huenda usiupate Chake, ukabidi uagizie, kwa hiyo mtu akiagiza aagize na wa akiba.

Kuna jambo la redio ambalo sitaki likukute baada ya pesa kutoka. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa eafoni kuwa antena. Ukichomoa waya, redio haishiki au haifunguki kabisa. Ukihamia zisizo na waya, ZBC utaisikiliza kwa intaneti, na hapo ni bando kila siku. Wewe umesema ni "redio zaidi". Kabla ya boti kufika, fungua redio ya simu yako bila ya eafoni uone inasemaje.

Nije kwenye hizo za laki na ishirini. Sisemi ni mbaya. Njiani hazina waya wa kunasa, chini ya hijabu zinakaa, na bila shaka ni raha. Lakini ghali na yenye kudumu si neno moja. Kila upande una betri yake ndogo sana, na betri za aina hiyo hupungua nguvu kila unapochaji. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, iliyokuwa ikikaa saa tano inakaa mbili au tatu, na kubadilisha betri yenyewe kwa kawaida haiwezekani, kwa kuwa imefungwa kwa gundi. Ukizitumia kwa matembezi tu zitakaa miaka. Ukizitumia na kwenye cherehani kutwa, utazichaji zaidi ya mara moja kwa siku, na sidhani kama laki na ishirini yako itaiona sikukuu nyingi. Na zikidondoka moja shimoni njiani, iliyobaki haina mwenzake.

Na hilo neno "haziingii maji" la muuzaji, usilipokee hivi hivi. Kwenye boksi huandikwa herufi IP na nambari mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ikiwa mahali pa nambari ya kwanza pana herufi X, maana yake vumbi halikupimwa. IPX4 inastahimili kurushiwa maji, na kwa jasho la matembezi inatosha. IPX7 imepimwa kuzama maji ya mita 1 kwa nusu saa. Kwako wewe mshonaji vumbi si kitu kidogo: nyuzinyuzi za pamba zinazoruka ukikata kitambaa zinaingia kwenye kile kiwavu cha eafoni, zinachanganyika na nta ya sikio, na sauti inafifia ukadhani imekufa. Kwa hiyo IP55 ingekufaa zaidi kuliko IPX yoyote. Na vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, wakati jasho lina chumvi. Ukirudi mazoezini zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, ndipo uzirudishe. Zikirudishwa na jasho kwenye kijisanduku, umeme na chumvi vikikutana pale kwenye vipini vya chaji, vinavila. Kijisanduku chenyewe mara nyingi hakikupimwa maji hata kama eafoni zimepimwa.

Gerenti ya mwaka ni nzuri kuisikia. Wewe uko Pemba, duka liko Darajani. Mdogo wako aulize: inaandikwa kwenye risiti? Zikiharibika wanabadilisha au wanatengeneza? Zikiingia maji bado wanaihesabu? Gerenti nyingi haziingizi maji ndani yake, hata kwa kitu kilichouzwa kwa jina la kutoingia maji.

Za mfupa kwa jambo la njiani zina hoja kubwa. Zinatetemesha mfupa ulio mbele ya sikio, tundu la sikio linabaki wazi, gari unaisikia. Mumeo akizijua, huenda sehemu ya hofu yake ikapungua. Besi yake ni hafifu, lakini kisomo na mawaidha hayahitaji besi. Chumbani kwako, cherehani ikipiga, utapandisha sauti tena, kwa hiyo ile kazi ya pili hazitaifanya vizuri. Na tahadhari moja: zinauzwa nyingi kwa jina la mfupa ambazo ndani ni kispika kidogo tu kinachorusha sauti kuelekea sikioni. Za kweli zinazojulikana kwa bei zake hupita hiyo elfu themanini, ndiyo maana nakuambia. Kuzijua ni rahisi. Mdogo wako azivae dukani, aweke kisomo, halafu azibe masikio yote mawili kwa vidole. Za mfupa kweli sauti itabaki au hata kuongezeka. Ikififia ni kispika tu. Kispika hicho nacho kinaacha sikio wazi na si haramu kukinunua, ila kilipiwe bei yake.

Mtindo mmoja hujautaja, ule wa kuvaa shingoni: ukanda laini unapita nyuma ya shingo, eafoni mbili zinaning'inia. Betri yake ni kubwa zaidi kwa kuwa iko kwenye ukanda, bei huwa chini ya zile za kijisanduku, na ikichomoka sikioni haianguki. Chini ya mtandio haionekani. Inaziba sikio, kwa hiyo lile swali la barabara linabaki pale pale.

Sasa nyumba. Mumeo amesema mambo mawili, na naona wewe umelishika la kwanza kwa kuwa ndilo lililokuuma. La jiko linavuja. Lakini umeandika kwamba laki tatu za mabati umezitenga, tena umezigawa "moyoni". Yeye anajua? Mtu asiyeiona hesabu anaona laki sita na eafoni, basi. Ungemwambia mabati yanakuja kwanza, sare zinafuata, na hiki ndicho kilichobaki, nadhani maneno yake yangekuwa mengine. Mwoneshe na hesabu ya pili: za shilingi 5,000, zikifa kila mwezi au miezi miwili, kwa mwaka ni kati ya shilingi 30,000 na 60,000. Pesa hiyo inatoka hivi sasa, haionekani tu kwa kuwa inatoka vipande vipande. Hesabu hiyo nayo isikupe moyo kupita kiasi, kwa sababu kama kinachoziua ni gurudumu na jasho, za laki na ishirini nazo zitakutana na jasho lile lile.

La pili alilosema, kwamba siku moja ataletewa habari, hilo si la pesa. Huyo ni mtu anayekaa kitandani akisikiliza mlango ukifungwa na nje bado kiza. Kabla ya kumjibu kwa kitu ulichonunua, mwulize anaogopa nini hasa: kiza, bodaboda, au wewe kuwa peke yako. Kila moja lina dawa yake. Huenda mkakubaliana utoke kukishapambazuka. Utembee upande wa kulia wa barabara, ambako gari zinakuja usoni kwako na si mgongoni, kwa kuwa kwetu gari hupita kushoto. Huenda kwenye barabara kubwa ukavaa upande mmoja tu, ule wa mbali na gari, na ukiingia uwanjani Gombani ndipo uvae wote. Ukivaa mmoja, kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya wenye ulemavu, mna mahali pa kuunganisha sauti za pande mbili ziwe moja, usikose nusu ya unachosikiliza. Njia hiyo hiyo itamfaa mama mkwe unaposhona: sikio moja liwe lake. Ila usipandishe sauti kufidia.

Yapo na yasiyohitaji duka kabisa. Mwenzako mmoja wa kikundi anayeishi karibu hawezi kutoka nawe hata siku mbili za kazi? Mazungumzo nayo husogeza mguu. Sikuambii hivyo ili nikunyime eafoni zako. Umeandika kwamba bila ya kitu cha kusikiliza mazoezi yatakufa, na huenda ni kweli, lakini huko Jumapili unafika Gombani na wenzako, na sidhani kama hapo unavaa kitu masikioni.

Nikiyaweka mbele yako kama ninavyoyaona: unaweza kuchukua za laki na ishirini ukazitunza kwa njiani tu, ukatengeneza mbili za kwenye droo kwa cherehani, na utaridhika ila mume atabaki na hofu ya barabara. Unaweza kuchukua za sikio wazi kwa njiani, za mfupa au za kispika, pamoja na za waya zenye mipira mizuri kwa kazini, jumla ikawa chini ya laki na ishirini, na utakuwa na vitu viwili vya kutunza. Unaweza kununua za waya nzuri tu, ukatembea nazo upande mmoja, pesa nyingi ikabaki, na jasho ukalichunga. Au ukangoja. Mabati yapigwe kwanza, fundi akutengenezee hizo, utembee mwezi mmoja ukijua unachokitafuta. Mtu wa boti wa wiki ijayo si wa mwisho, boti za Mkoani zinakuja kila wiki, na bei ya haraka mara nyingi hulipwa na mwenye haraka.

Kuhusu kujiona mfujaji: pesa ni ya mkono wako, na mumeo mwenyewe ndiye aliyetangulia kulisema hilo. Umeipangia nyumba kabla ya kujipangia wewe. Sijaona katika barua yako mahali ambapo umeyaweka masikio mbele ya jiko.

Msalimie mama mkwe wako. Na ukishapimwa tena presha, niandikie umesomewa ngapi.

Shangazi